Uzi: Teke la .300 limenichosha, nichague breki gani ya mtutu?

Kovu_la_Bega

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wajuzi wa bunduki za masafa marefu maana mwenzenu bega limeshaanza kuninunia.

Ninayo raifo ya .300 Win Mag (risasi nene za masafa marefu, baruti nyingi), mtutu sentimita 66, ukiweka na darubini na miguu yake inafika kama kilo 5, napigia shabaha za chuma kuanzia mita 600 mpaka 1,000. Bunduki yenyewe sina ugomvi nayo, inapiga pale pale. Ugomvi ni teke, ile bunduki kurudi nyuma na kugonga bega. Risasi kumi za kwanza niko sawa, zikifika ishirini najikuta nafumba jicho kabla hata sijafyatua, zikifika thelathini matundu yaliyokuwa yanaenea kwenye ngumi yametawanyika sahani nzima. Na kinachoniuma zaidi sioni risasi yangu inakotua. Mita 800 risasi inachukua sekunde moja na kidogo kufika, lakini bunduki ikishapiga teke darubini inaruka inaangalia mawingu, mpaka niirudishe vumbi limeshatulia, nabaki kumuuliza jirani "imeenda wapi hiyo".

Sasa nimeambiwa nifunge breki kwenye mdomo wa mtutu. Nimeingia kutafuta nimechanganyikiwa kabisa, kuna zenye madirisha pembeni, kuna zenye vitundu pande zote kama chujio, kuna za madirisha mawili, matatu, mpaka matano, na kila moja imeandikwa inapunguza teke asilimia 50, sijui 60, sijui 70. Hivi tofauti ni nini? Na je, haiharibu shabaha? Mtutu wangu tayari una uzi mdomoni (uzi wa kufungia, siyo uzi huu haha).

Natanguliza shukrani.

Nipo_Pembeni

Nimekaa mkao wa kula, na mimi shida yangu ndo hiyo hiyo.

Simba_Mkavu

Breki ni za watu wenye mabega ya mayai. Shika bunduki vizuri, ibane begani, acha kulalamika. Mi napiga magnum (hizi zenye baruti nyingi) miaka yote sijawahi kufunga hayo mabomba.

Dada_Mita1000

Simba kaka yangu punguza. Kufumba jicho siyo uoga, mwili unajifunza wenyewe. Ukipigwa mara ishirini mahali pamoja baada ya mlio ule ule, mara ya ishirini na moja mwili unajikinga bila kukuomba ruhusa. Hata wewe unafanya, tofauti ni kwamba hujawahi kujipima.

Kipimo ni rahisi. Mpe rafiki akupakilie, achanganye risasi bandia za mazoezi katikati ya risasi za kweli wewe usijue ipi ni ipi. Ukifika kwenye bandia, bunduki haitalia, na hapo ndo utauona mdomo wa mtutu unadunda chini au bega linasukuma mbele kabla ya "tik". Mi nilipofanya mara ya kwanza niliona aibu mpaka leo sijamwambia mtu nilidunda kiasi gani.

Kovu fanya hicho kipimo kabla ya kununua chochote. Breki itapunguza teke, ila mazoea mabaya ambayo tayari yameingia kichwani haiyatoi yenyewe.

Mzee_Kerezo

Nimeuona huu uzi jana usiku nikasema ngoja nilale kwanza maana nikianza sitanyamaza. Mimi kazi yangu ni kukereza mitutu na kukata nyuzi zake, hivi vitu vimepita sana mkononi.

Wanangu, kabla ya kuuliza breki gani, ulizeni breki inafanya kazi na nini. Teke lina mama wawili. Wa kwanza ni risasi yenyewe, inakwenda mbele na bunduki inarudi nyuma, huyo breki haimgusi hata kidogo. Wa pili ni gesi ya baruti. Risasi ikishatoka mdomoni nyuma yake kuna gesi yenye mgandamizo mkubwa inayotoka mbio kuliko hata risasi, na inasukuma bunduki nyuma kama roketi. Breki inaikamata hiyo gesi na kuigeuza, ikigonga kuta za breki inazisukuma mbele, na ikitokea pembeni au ikirudi nyuma kidogo haina tena nguvu ya kulirudisha bega lako.

Maana yake ni kwamba breki inafaidi pale penye baruti nyingi. Risasi nzito inayosukumwa na baruti kidogo, utafunga breki ya maana na utaona tofauti ndogo tu. Magnum yenye baruti ya kujaza kijiko, hapo ndo breki inakula mshahara wake.

Na kuna kipande cha teke ambacho hakuna breki duniani itakigusa, kile kinachoanza risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Ni muda mfupi mno, kama milisekunde moja na ushee, lakini bunduki imeshaanza kutembea.

Kovu_la_Bega

Shikamoo mzee wangu. Hapo nimekupata vizuri. Sasa hizo asilimia wanazoandika ni za kweli au ni kunogesha biashara?

Mzee_Kerezo

Marahaba. Zinaweza kuwa za kweli na bado zikakudanganya. Chukua karatasi tupige hesabu ya bunduki yako, ni makadirio ila yanatosha.

Risasi yako tuseme gramu 13, inatoka na spidi ya mita 870 kwa sekunde. Geuza gramu ziwe kilo (0.013), zidisha kwa spidi, unapata msukumo wa 11.3. Baruti tuseme gramu 4.7. Spidi ya gesi hukadiriwa kwa kuzidisha spidi ya risasi, SAAMI ya Marekani (wanaoweka viwango vya bunduki na risasi) kwa raifo zenye nguvu wanazidisha kwa 1.75, kwa hiyo gesi yako inatoka kama mita 1,520 kwa sekunde, msukumo wake 7.1. Jumla 18.4. Umeona? Karibu asilimia 40 ya msukumo wote ni gesi. Sasa fanya hivyo hivyo kwa .308 yenye baruti kidogo kuliko yako, risasi gramu 11.3 spidi 790, baruti gramu 2.85, utakuta gesi ni kama asilimia 30 tu. Ndiyo maana breki ile ile jirani akiifunga kwenye .308 yake hashangai kama utakavyoshangaa wewe.

Tuendelee. Bunduki ya kilo 5 ikipata msukumo wa 18.4 inarudi kwa spidi ya mita 3.7 kwa sekunde, nishati yake kama jouli 34. Tuseme breki imeua nusu ya msukumo wa gesi, unabaki na 14.9, nishati inashuka mpaka 22. Breki ikiua gesi yote, unabaki na 11.3, nishati inakuwa jouli 13 hivi.

Angalia mchezo ulipo. Kutoka 18.4 kwenda 11.3 ni punguzo la chini ya asilimia 40. Lakini kutoka jouli 34 kwenda 13 ni zaidi ya asilimia 60! Breki ile ile, risasi ile ile. Kwa sababu nishati inakwenda kwa mraba wa spidi, muuzaji atachagua namba inayopendeza machoni. Kwa hiyo ukiona "asilimia 60" uliza ya nini, imepimwa kwenye kaliba gani (upana na aina ya risasi) na bunduki ya kilo ngapi. Asipokujibu usilinganishe namba yake na ya mwenzake.

Simba_Mkavu

Mzee hesabu nimeikubali. Ila basi si aongeze tu uzito wa bunduki yaishe?

Mzee_Kerezo

Inasaidia, sikatai. Ile kilo 5 ikiwa kilo 6 na nusu bila breki, jouli 34 zinakuwa 26. Bure kabisa, bila kelele. Kama anapigia mezani au anashuka kwenye gari anapiga analala, uzito ni rafiki. Kama anaibeba kupanda mlima, huo uzito atautukana njia nzima.

Dada_Mita1000

Na asisahau mpira wa kitako na urefu wa kitako, watu wanakimbilia mdomoni kumbe kitako kimewazidi urefu, bunduki inagonga mfupa wa bega badala ya nyama. Na alale nyuma ya bunduki nyooka, siyo mwili umekwenda upande kama mtu anasoma gazeti. Ukilala mshazari teke linakuchukua upande na darubini inaenda nalo, hata breki ya madirisha kumi haitaizuia.

Haya, aina. Mi nimetumia za aina tatu, nasema nilichoona.

Ya kwanza ilikuwa ile ya vitundu kuzunguka pande zote. Raha yake ni kwamba unaifunga tu, hakuna kusema juu wapi chini wapi. Ubaya wake, mi napiga nimelala. Risasi ya kwanza tu vitundu vya chini vikafukua vumbi lote la mbele yangu, nikakaa kwenye wingu kama daladala imepita barabara ya vumbi, sioni shabaha, sioni jirani, mdomoni mchanga. Nikaanza kutandika kitambaa kilicholowa maji chini ya mdomo wa mtutu. Inasaidia lakini kila saa unaamka kukilowesha. Kwa mtu anayepigia mezani siyo mbaya, kwa mtu wa kulala tumbo, hapana.

Ya pili ya madirisha makubwa pembeni, kushoto na kulia tu, chini imefungwa. Hiyo ndo niliyoelewa kwa nini watu wanasifia. Teke lilipungua wazi. Ila mdomo ulikuwa bado unaruka juu kidogo, kwa sababu mstari wa mtutu uko juu ya mahali kitako kinapokaa begani, kwa hiyo bunduki ikirudi inataka kuinuka.

Ya tatu, ninayo mpaka sasa, ina madirisha matatu pembeni yameelekezwa nyuma kidogo na vitundu vidogo juu. Gesi ya juu inasukuma mdomo chini. Hapo ndo picha kwenye darubini ikatulia, naiona risasi yangu ikigonga chuma. Angalizo, vitundu vya juu vikizidi kwa kaliba yako mdomo utazama chini badala ya kuruka juu, na hiyo nayo ni kero ile ile imegeuzwa. Nyingine zina skrubu za kuziba na kufungua vitundu vya juu ukajipimia mwenyewe, kwa anayependa kuchezea vitu.

Nipo_Pembeni

Dada kwa hiyo madirisha mengi ndo bora?

Dada_Mita1000

Siyo lazima. Dirisha la kwanza linakula gesi nyingi, la pili linapata iliyobaki, la tatu kidogo zaidi. Ukifika la tano unabeba chuma tu na kuurefusha mtutu. Kwa .300 mi naona matatu ni pazuri. Za .338 na .50 hizo ni mambo mengine, angalia Barrett M82 ya .50, ina breki moja kubwa kama kichwa cha mshale, na hapo bado mtutu wenyewe unarudi nyuma kusaidia.

Sikio_Moja

Nimesoma post zote hakuna aliyesema kitu kuhusu masikio. Ngoja niseme mimi, jina langu humu sikulichagua kwa utani.

Gesi uliyoigeuza isikupige teke haijapotea. Imekwenda pembeni na imerudi kwako. Bunduki kubwa bila breki tayari inapita desibeli 150, na kikomo cha mlio wa ghafla ambacho NIOSH na OSHA za Marekani (wanaosimamia afya na usalama kazini) wanakitaja ni 140. Ukifunga breki, sikio la mpigaji linaongezewa 5 mpaka 10 hivi juu ya hapo. Mtu anasikia "tano tu" anadhani ni kidogo. Desibeli 6 ni mgandamizo mara mbili! Siyo kidogo.

Mimi nilipiga siku moja nyuma ya jiwe kubwa, juu kuna paa la mabati, nimeziba masikio na vile vizibo vya sponji tu tena kimoja nilikichomeka haraka haraka hakikuingia vizuri. Risasi nne. Upande wa kushoto ukaanza kulia "ngiiii" nikasema utaisha kesho. Huu ni mwaka wa sita. Usiku kukiwa kimya ndo unalia zaidi.

Kwa hiyo ukifunga breki vaa vyote viwili, vizibo ndani na vifuniko vya nje juu yake. Na usidhani vinajumlishana, kwamba kizibo 30 na kifuniko 25 unapata 55. Hapana. Cha pili kinaongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi. Lakini hizo 5 utazihitaji. Na usipige breki chini ya paa, ndani ya gari, wala pembeni ya ukuta, kila kitu kinachorudisha sauti kinakurudishia wewe.

Na mwindaji ndo yuko hatarini zaidi, maana uwanjani watu wanavaa, porini mnyama akitokea nani anakumbuka kizibo. Kama ni ya kuwinda fikiria sana kabla ya kufunga.

Kovu_la_Bega

Pole sana mkuu. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Sikio_Moja

Nimeshapoa. Fikiria na jirani yako pia. Wewe uko nyuma ya bunduki, yeye yuko pembeni, na madirisha yanaangalia wapi? Yanamwangalia yeye. Nilishaona kofia ya mtu inaruka. Ukilala uwanjani usogee mbele kidogo au uombe nafasi ya mwisho ya mstari, na usikubali mtu akae usawa wa mdomo wa mtutu hata kama ni kupiga picha. Hapo kuna gesi ya moto na punje za baruti ambazo hazijaungua.

Msongo_wa_Mita

Mi nakuja na ushamba wangu ili mwingine asirudie. Nilikuwa na breki mbili kwenye boksi moja, zinafanana kama pacha, uzi mmoja, rangi moja. Moja ya milimita 6.5 nyingine ya .30, yaani inchi 0.30. Mnajua kilichotokea. Nikafunga ile ya 6.5 kwenye .30 na sikuangalia maandishi. Risasi yenye upana wa milimita 7.8 inaingia kwenye tundu jembamba kuliko yenyewe. Mlio ulikuwa tofauti, kitu kikapita kinaimba juu, nikaangalia mbele breki haipo. Nusu yake tuliiokota mita kadhaa mbele, mdomo wa mtutu umechanika uzi, fundi akakata sentimita tatu. Nilibahatika hakuna aliyeumia na kosa ni langu mia kwa mia.

Siku hizi kila breki nimeipiga alama ya rangi, na kaliba nasoma kwa sauti kabla ya kufunga kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee_Kerezo

Asante kwa kusema ukweli, wengi wanaficha. Na hapo ndo tuingie kwenye tundu na uzi.

Tundu la kupitia risasi linatakiwa kuzidi upana wa risasi kwa kama nusu milimita. Risasi ya .30 ni milimita 7.82, kwa hiyo tundu la 8.3 au 8.4 ni sawa. Likiwa pana zaidi, mfano umefunga breki ya .338 kwenye .30, haina hatari ila gesi inapita katikati na risasi badala ya kugonga kuta, umelipia breki umepata pambo. Likiwa finyu, msome Msongo hapo juu.

Uzi. Uangalie wa kwako kabla ya kununua. Kaliba za .30 nyingi zina 5/8x24 (upana inchi 5/8, mizunguko 24 kwa inchi), zile za .22 na ndogo ndogo 1/2x28, na bunduki nyingi za Ulaya zina M14x1, M15x1 au M18x1 (upana na nafasi ya uzi kwa milimita). Usijaribu kwa kulazimisha. 5/8 ni milimita 15.9, mtu akiona M16x1 anasema si karibu sawa, anaingiza, inashika mizunguko miwili inakwama au inacheza, na hapo breki inaangalia pembeni wakati risasi inaangalia mbele. Breki nzuri inaingia kwa vidole mpaka begani pa mtutu (pale uzi unapoishia) bila spana. Mtutu mwembamba sana nao ni tatizo, ukishakata uzi hakuna bega la kutosha la breki kuegemea, kwa hiyo kabla ya kumwambia fundi akate uzi muulize kwanza kama chuma kinatosha. Na fundi apime kwa kufuata tundu la ndani la mtutu siyo ngozi ya nje. Mitutu mingi tundu haliko katikati kabisa, ukifuata nje umeshapotea.

Kupanga madirisha: yakae kushoto na kulia sawasawa. Wazungu wanasema saa tatu na saa tisa. Sisi tunaosoma saa kwa kugeuza tutasema saa tisa na saa tatu, na ndo kitu pekee nilichowahi kuona ambacho saa ya Kiswahili na ya kizungu zinapatana. Kuna njia tatu za kufikia hapo. Loknati nyuma ya breki, unazungusha breki mpaka ikae sawa kisha unaibana kwa nati, mtu wa nyumbani hii inamtosha kabisa. Washa (vile vipete vya chuma) nyembamba za vipimo tofauti unazopanga mpaka breki ikikaza iwe imekaa sawa, kazi safi ila ina subira. Halafu kuna washa ya kubonyea, ile inayojikunja ukikaza. Hiyo mimi siipendi kwa bunduki ya shabaha, inabonyea upande mmoja zaidi ya mwingine na kuisukuma breki mshazari.

Wakati wa kukaza bana mtutu wenyewe kwenye jiliwa, karibu na mdomo, uuvishe ngozi au madini laini ya risasi. Usishike bunduki kwenye kitako ukavuta spana mdomoni, unaweza kulegeza mtutu kule ulikoungwa. Kiasi cha kukaza fuata karatasi ya mtengenezaji. Gundi za kawaida za nati zinalegea kwa joto la mtutu, kama lazima uweke gundi kuna Rocksett inavumilia moto, na ukitaka kuitoa unalowesha na maji.

Ukimaliza: bunduki iwe tupu, hakikisha mara mbili, toa bolti, chungulia kutokea nyuma ukielekeza kwenye mwanga. Duara la breki linatakiwa kulizunguka tundu la mtutu sawa pande zote. Likionekana kama mwezi mwandamo upande mmoja, usipige hata moja. Jicho linadanganya, kijiti cha chuma cha kupimia hakidanganyi, kama fundi wako anacho mwombe.

Simba_Mkavu

Na shabaha je, mbona swali lake hamjalijibu? Mi niliambiwa breki inatawanya risasi.

Mzee_Kerezo

Ikifungwa mshazari, ndiyo inatawanya. Ikikaa sawa, hapana. Kinachotokea ni kwamba umening'iniza uzito mdomoni mwa mtutu, na mtutu unapopiga unatetemeka kama fimbo, kwa hiyo mtetemo unabadilika na risasi zinahamia mahali pengine. Zinahama zote pamoja. Unarekebisha darubini upya basi. Kosa ni kuifunga Jumamosi asubuhi ukaenda kwenye mashindano mchana. Na ukiitoa, zinahama tena, kwa hiyo amua moja.

Sanasana angalia vifungo vya darubini. Breki inaivuta bunduki mbele ghafla wakati ilikuwa inarudi nyuma, skrubu zilizolegea zitajitangaza.

Dada_Mita1000

Mashindano umenikumbusha, asome sheria kwanza. F-Class (mashindano ya masafa marefu ya kupiga umelala) breki hairuhusiwi kabisa. Huku PRS (mashindano ya kupiga kwa mikao mbalimbali) wengi wanazo. Na kama sheria za mahali ulipo zinaruhusu sailensa kwa kibali, nayo inapunguza teke na inapunguza mlio badala ya kuongeza, ila ni ndefu, nzito, na inashika joto. Kama siku moja unapanga kuhamia huko, nunua breki ambayo sailensa inaweza kufungwa juu yake, usinunue mara mbili.

Nipo_Pembeni

Chuma au titani?

Mzee_Kerezo

Titani nyepesi, ila inatoa cheche nyeupe kila risasi. Chuma kisichoshika kutu kwa mtu wa shabaha kinatosha, na uzito wake mdomoni wala siyo dhambi. Alumini kwa magnum achana nayo, gesi inaila.

Kovu_la_Bega

Wakuu nimerudi baada ya wiki tano, samahani kwa ukimya.

Nilianza na kipimo cha Dada. Rafiki akapakia tano, bandia mbili. Bandia ya kwanza mdomo ukadunda chini mpaka yeye akacheka kwa sauti. Sijawahi kujiona mjinga hivyo. Nikaiweka .300 kabatini wiki mbili nikapiga .22 tu, kila siku, polepole, mpaka kidole kikasahau.

Breki nimechukua ya chuma, madirisha matatu yameelekea nyuma kidogo, vitundu viwili juu, chini imefungwa, loknati, uzi 5/8x24, tundu nimelipima mwenyewe 8.35. Imeingia kwa vidole mpaka mwisho kama mzee alivyosema. Fundi akapitisha kijiti, kikapita katikati. Kwenye mita 100 risasi zimehama sentimita tatu chini kushoto, kundi limebaki vile vile, nimerekebisha darubini.

Sasa teke. Bado lipo, tusidanganyane, ila limegeuka kuwa msukumo, siyo ngumi. Kilichonishangaza ni kingine. Mita 800, risasi ya pili, picha imetulia kwenye darubini na nikaona vumbi linaruka kulia kwa sahani. Nimeliona mimi mwenyewe! Ya tatu kulia tena. Ya nne kulia. Kumbe miezi yote hii nilikuwa naudharau upepo, nampa jirani kesi kwamba hajui kuangalia, kila akiniambia "kulia" nasema huyu macho yake mabovu. Nikarekebisha, ya tano ikagonga chuma, ya sita chuma.

Jioni kichwa kilinigonga kidogo pamoja na vizibo na vifuniko vyote. Sikio_Moja nimekuelewa, nimepunguza mpaka risasi 25 kwa siku na sipigi tena kwenye kile kibanda chenye paa.

Dada_Mita1000

Hongera sana. Na huyo jirani umemwomba msamaha?

Kovu_la_Bega

Nilimwendea nikamwambia kaka ulikuwa unasema kweli ni kulia. Akatoa kizibo kimoja akauliza "unasemaje?" Nikarudia. Akasema sawa, akakusanya mkeka wake, bunduki yake na maji yake akahamia mwisho kabisa wa mstari, upande wa pili.